Simu ya Pembeni mwa Uwanja

Mrushaji anayeanza mechi za besiboli huijua siku yake. Akirusha leo, atapumzika siku nne, na ya tano atapanda tena kichuguu cha katikati ya uwanja, mpira mkononi. Anajua lini ale vizuri, lini alale mapema, lini asisemeshwe na mtu. Mrushaji wa bulpeni hana kalenda hiyo. Bulpeni ni kipande cha pembeni ambako warushaji wa akiba hukaa wakisubiri simu ya kocha. Ikilia, mtu huvua koti, hupasha mkono moto kwa dakika chache, kisha hukimbilia mechi iliyoanzwa na mwenzake, mara nyingi ikiwa imeshaharibika.

Kwa hiyo mkongwe aliyezoea kuanza akiambiwa ahamie bulpeni, hasikii kwamba amepewa kazi mpya. Anasikia kwamba amekwisha. Historia ya mchezo huo ilimpa sababu ya kusikia hivyo. Cy Young, ambaye jina lake limepewa tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, alizimaliza mwenyewe mechi 749. Mwaka 1904 Jack Chesbro wa New York alianza mechi 51 na kuzimaliza 48. Katika zama hizo kuitwa mtu mwingine akumalizie kazi ilikuwa aibu, na aliyeitwa mara nyingi alikuwa kijana anayejaribiwa au mzee anayesindikizwa. Hata kuhesabu kazi yao kulichelewa: “mechi iliyookolewa”, yaani ile ambayo mrushaji wa akiba anaulinda uongozi wa timu yake hadi mwisho, ilianza kuandikwa rasmi katika takwimu za ligi kuu mwaka 1969, baada ya mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, kuipigania kwa miaka.

Habari ya kuhamia bulpeni ilimfikia mrushaji Dennis Eckersley mwezi Aprili 1987. Alikuwa na miaka 32. Huyu si mtu wa kubahatisha: mwaka 1977, akiwa Cleveland, alicheza mechi nzima bila mpinzani yeyote kumpiga mpira wa kumpatia besi, na mwaka uliofuata, akiwa Boston, alishinda mechi 20. Lakini msimu wa 1986 Chicago Cubs walipata kutoka kwake ushindi 6 na vipigo 11. Pombe ilikuwa imemshika. Mwanzoni mwa 1987 aliingia kwenye matibabu ya kuiacha, akatoka bila kinywaji, na kabla msimu haujaanza Cubs wakampeleka Oakland kwa kubadilishana na wachezaji watatu wa ligi ndogo. Oakland ndiko alikozaliwa. Alirudi nyumbani, lakini kwenye orodha ya wanaoanza mechi hapakuwa na nafasi yake.

Kocha mkuu Tony La Russa na kocha wa warushaji Dave Duncan walimweka bulpeni. Hawakuwa na mpango mkubwa. Walihitaji mtu wa kujaza awamu za katikati. Kisha Jay Howell, aliyekuwa mmaliziaji wao, akaumia mkono, na Eckersley akaanza kuitwa mwishoni. Msimu huo aliokoa mechi 16.

Hapo ndipo makocha hao wawili walipofanya jambo ninaloliheshimu kuliko ubingwa wowote wao. Waliutazama mkono wa mtu aliyechakaa, wakahesabu kilichobaki. Kasi ya awali haikuwapo tena. Pumzi ya awamu tisa ilikuwa imepungua. Wapigaji wa mkono wa kushoto walikuwa wakimuumiza, kwa sababu alirusha kwa mkono uliolala ubavuni, na mtu anayesimama upande ule huuona mpira tangu unapotoka. Lakini shabaha ilikuwepo, kali kama zamani. Mrushaji anayeanza hukutana na mpigaji yuleyule mara tatu kwa siku moja, na kila mara mpigaji huwa amejifunza kitu. Mtu mwenye aina mbili za mipira, ule wa kasi na slaida inayopinda mwishoni, husomwa haraka. Kwa awamu moja, mbili zinatosha.

Wamaliziaji waliomtangulia, kina Rollie Fingers na Goose Gossage, waliitwa hata awamu ya 7 na kubeba mzigo hadi mwisho. Eckersley alipewa awamu ya 9, timu ikiongoza, mara nyingi besi zikiwa tupu. Leo karibu kila timu inacheza hivyo, na wengi hawakumbuki kwamba mtindo huu ulienea kwa sababu ya mzee mmoja aliyehitaji kazi inayolingana na mkono wake.

Mwaka 1988 aliokoa mechi 45, moja pungufu ya rekodi ya wakati huo. Kisha ikaja Oktoba 15, mechi ya kwanza ya fainali, huko Los Angeles dhidi ya Dodgers. Oakland wanaongoza 4 kwa 3, awamu ya 9, wawili wameshatolewa. Eckersley, ambaye msimu mzima alikuwa ametoa besi za bure 11 tu, anampa Mike Davis besi ya bure. Anatoka Kirk Gibson akichechemea, amejeruhiwa miguu yote miwili, na ni mpigaji wa kushoto. Davis anaiba besi ya pili. Straiki mbili, mipira mitatu mibaya. Mrusho mmoja utaamua. Mel Didier, mpelelezi wa Dodgers, alikuwa ameshawaonya wapigaji wa kushoto kwamba hesabu ikifika hapo Eckersley atatupa slaida inayoanzia nje na kuingia ukingoni. Akaitupa. Gibson akaupiga kwa mikono zaidi kuliko miguu, mpira ukavuka uzio wa kulia, na Oakland wakapoteza mechi.

Huo ndio upande mgumu wa bulpeni. Anayeanza akikosea awamu ya pili ana saba za kurekebisha. Mmaliziaji hana hata moja. Usiku ule Eckersley alisimama mbele ya kabati lake, akajibu maswali ya waandishi kundi baada ya kundi, bila kumlaumu mtu.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 28, 1989, mpira wa mwisho wa fainali uliviringika kwa Tony Phillips kwenye besi ya pili. Aliyekimbia kuifunika besi ya kwanza na kuudaka alikuwa Eckersley. Mwaka 1990 alirusha awamu 73 na ushei, akatoa besi za bure 4 tu, na kwa kila awamu 9 akafungwa wastani wa mikimbio 0.61. Mwaka 1992 alipata tuzo ya Cy Young pamoja na ya mchezaji bora wa ligi. Alistaafu mwaka 1998 akiwa na ushindi 197 na mechi 390 alizookoa, na mwaka 2004 akaingia Jumba la Umashuhuri.

Njia hiyo haimalizikii bulpeni. John Smoltz wa Atlanta alishinda mechi 24 mwaka 1996, akapasuliwa kiwiko mwaka 2000, akarudi kama mmaliziaji na kuokoa mechi 55 mwaka 2002. Lakini kuanza mechi hakukumtoka moyoni. Mwaka 2005 walipomrudishia nafasi yake, siku ya ufunguzi hakuimaliza hata awamu ya 2. Siku tano baadaye, dhidi ya New York Mets, aliwatoa wapigaji 15 kwa straiki, na bado timu yake ikafungwa. Mwaka huo alitimiza miaka 38, na hadi msimu unakwisha alikuwa amerusha zaidi ya awamu 220.