Miaka Sabini ya Kukuta Sifuri

Kwenye chumba cha habari, habari ya "tumetafuta, hatukukuta kitu" haina nafasi. Mhariri anaitupa hata hujamaliza kuisimulia. Labda ndiyo maana historia hii imeninasa: ni ya watu waliotafuta kitu kimoja kwa zaidi ya miaka 70, kila wakipima wanakuta sifuri, na bado sifuri zao zinaingia kwenye majarida makubwa ya sayansi.

Ilianza mwaka 1950. Wanafizikia wawili wa Harvard, Edward Purcell na Norman Ramsey, waliuliza: je, chembe ndogo kama nyutroni inaweza kuwa na umeme ulioegemea upande mmoja, chanya huku, hasi kule? Nadharia ya wakati ule ilikataa, kwani maumbile hayabagui kushoto na kulia. Wao wakasema sawa, lakini nani amepima? Wakapima, wakiwa na mwanafunzi wao James Smith, huko Oak Ridge, Tennessee. Sifuri.

Lakini swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu alionyesha, kwa atomi za kobalti zilizopozwa vikali, kwamba maumbile yanabagua kweli. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch wakagundua kuwa hata mata na pacha wake, antimata, hazifuati sheria zilezile kwa asilimia mia.

Hapo ndipo suala linatugusa sisi. Mata na antimata zikikutana, zinaangamizana. Kama ulimwengu ulianza nazo sawa kwa sawa, leo kusingekuwa na nyota, bahari wala msomaji wa makala hii. Mwaka 1967 Andrei Sakharov alieleza kuwa lazima kuwe na upendeleo fulani kwenye sheria za maumbile. Upendeleo tunaoujua hadi sasa hautoshi. Kama upo mwingine, huenda umeacha alama kwenye elektroni: umeme wake uegemee upande, hata kidogo tu.

Sasa utapimaje kitu kidogo hivyo? Molekuli ndiyo mkombozi. Ndani ya molekuli yenye atomi nzito, elektroni inakumbana na nguvu ya umeme ya mabilioni ya volti kwa sentimita, ambayo hakuna maabara inayoweza kuitengeneza. Mwaka 2011 kundi la Imperial College London lilitumia molekuli za itabiamu na florini. Wakakuta elektroni ni ya mviringo kiasi kwamba ukiikuza iwe kubwa kama mfumo wa jua, kasoro yake haizidi unene wa unywele. Mwaka 2018 kundi la ACME likapima kwa makini zaidi, na mwaka 2023 kundi la JILA, Colorado, zaidi tena. Sifuri, sifuri. Ila kila moja imezika nadharia zilizokuwa zimebashiri vinginevyo.

Tatizo ni muda. Molekuli inayopita kasi ni kama abiria dirishani mwa basi. Huwezi kumsoma uso. ACME walikuwa na kama elfu moja ya sekunde hivi. JILA walizinasa molekuli zao, wakapata hadi sekunde 3. Njia nyingine ni kuzipoza kwa leza, jambo ambalo kundi la David DeMille wa Yale lilionyesha mwaka 2010 kuwa linawezekana. Mwaka 2018 watu wa London walizipoza molekuli zao zilezile za itabiamu, mwendo wao wa pembeni ukashuka hadi chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa. Molekuli iliyotulia itapimika vizuri zaidi.

Ramsey alifariki Novemba 2011, akiwa na miaka 96, miezi michache tu baada ya sifuri ya London. Alipoliuliza swali hili alikuwa na thelathini na kitu, umri wangu mimi. Jibu hakulipata. Waliokuja baada yake bado wanapima.