Uhandisi wa programu: Somo linaloanza kwa watu kabla ya kompyuta

VIJANA wengi wanaojiunga na vyuo vikuu kusomea fani ya kompyuta hufika mwaka wa kwanza wakiamini kuwa kazi iliyo mbele yao ni moja tu, nayo ni kuandika programu. Somo la utangulizi wa uhandisi wa programu ndilo la kwanza kuwaeleza kuwa kuandika ni sehemu tu ya kazi hiyo, na mara nyingi si sehemu iliyo ngumu zaidi.

Somo hilo hutofautisha programu inayomtosheleza mwandishi wake na ile ambayo watu wengine wataitegemea. Ya kwanza yaweza kuandikwa usiku mmoja, ikatumika mara moja na kutupwa. Ya pili itatumiwa na watu asiowajua mwandishi, itarekebishwa na watu ambao bado hawajaajiriwa, na huenda ikaendelea kufanya kazi miaka 20 baada ya yeye kuondoka.

Jina la fani hiyo lilipata umaarufu Oktoba 1968, pale wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi 11 walipokutana mjini Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na jumuiya ya kujihami ya NATO. Wakati huo miradi mikubwa ya programu ilikuwa ikichelewa, ikizidi bajeti, na mingine ikitelekezwa kabisa. Waandaaji walichagua neno "uhandisi" kwa makusudi, kwa nia ya kuchokoza. Iwapo wajenzi wa madaraja wana kanuni, vipimo na uwajibikaji, kwa nini waandishi wa programu wasiwe navyo?

Matukio ya baadaye yalionyesha uzito wa swali hilo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada mionzi iliyozidi mno kiwango, na angalau watatu kati yao walifariki dunia. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa vilivyokata mionzi pale mambo yalipokwenda kombo. Katika Therac-25 ulinzi huo uliachiwa programu peke yake. Mhudumu mzoefu aliyesahihisha maelekezo kwa haraka kwenye skrini aliweza, bila kujua, kuifanya mashine ifanye tofauti na kile alichokiona. Kwa mhudumu aliyeandika polepole kasoro hiyo haikujitokeza, jambo lililofanya iwe vigumu kuigundua.

Nchini Uingereza nako, mfumo wa hesabu wa Horizon uliotumika katika ofisi za posta ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2015, mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishitakiwa, na baadhi yao wakafungwa. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, somo hili huanza na mtumiaji. Mwanafunzi hupewa kazi inayoonekana rahisi, kwa mfano kutengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa katika zahanati. Kwa haraka huandaa fomu yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, na kuifanya kila nafasi iwe ya lazima kujazwa.

Akienda kumhoji muuguzi, hukutana na mambo mengine. Mtoto mchanga hana jina bado. Bibi wa kijijini anajua alizaliwa msimu wa njaa fulani, lakini siku na mwezi hajui. Simu moja hutumiwa na watu watano wa nyumba moja. Majeruhi wa ajali ameletwa akiwa hajitambui. Mfumo ukimlazimisha karani kujaza tarehe, ataandika Januari 1 ili foleni isonge, na baada ya mwaka takwimu zitaonyesha kuwa sehemu kubwa ya wakazi wa eneo hilo walizaliwa siku moja. Hapo programu haina kosa hata moja la kiufundi, lakini imewafundisha watu kuidanganya.

Mfano mwingine upo hapa Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo yao. Waliopewa waijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliobuni huduma hiyo walilizingatia hilo, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha. Haikuwa rahisi kulipata hitaji hilo kwa kukaa ofisini.

Baada ya mahitaji, mwanafunzi hufundishwa usanifu na mpangilio wa kazi. Hapa ndipo hutajwa mtindo wa maporomoko ya maji, ambapo hatua moja hukamilika kabla ya nyingine kuanza. Vitabu vingi huunasibisha na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, ingawa Royce mwenyewe alionya humo kuwa kwenda hivyo ni hatari. Mwaka 2001 wataalamu 17 waliokutana Utah, Marekani, walitoa tamko la kupendelea hatua fupi fupi na mawasiliano ya mara kwa mara na mteja. Mijadala ya mtindo upi ni bora huwachosha wanafunzi, na si ajabu, kwa kuwa hawajawahi kuona mradi mkubwa ukikwama.

Majaribio ndiyo huwashangaza zaidi. Tuseme tozo ya kutuma fedha hubadilika kiasi kikifika Sh 5,000. Asiyefundishwa hujaribu kwa Sh 3,000 na Sh 8,000, akaridhika. Aliyefundishwa hujaribu Sh 4,999, Sh 5,000 na Sh 5,001, kwani kasoro nyingi hujificha mipakani. Kisha hujaribu sifuri, kiasi kilicho chini ya sifuri, na hali ya mtandao kukatika baada ya mtumaji kukatwa fedha zake lakini kabla ya mpokeaji kuzipata.

Ipo pia kazi ya kikundi, chanzo cha malalamiko mengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, Frederick Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu katika kampuni ya IBM, alieleza kuwa kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wapya lazima waelekezwe na wale wale walioelemewa. Wanafunzi hufundishwa kutumia zana kama Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inayoweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na lini. Zana hiyo humsaidia pia mhadhiri kumtambua asiyefanya lolote.

Wapo wanaohoji iwapo somo hili linafaa kutolewa mwaka wa kwanza, wakati mwanafunzi hajaandika hata programu ya kurasa mbili. Hoja hiyo ina uzito, na baadhi ya vyuo hulisogeza hadi mwaka wa pili. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zana za akili mnemba zinazoandika programu zimemfikia hata mwanafunzi wa siku ya kwanza. Anaweza kupata kurasa kumi za programu kwa dakika chache, bila kujua kama zinamfaa yule muuguzi wa zahanati.

Baadhi ya wahadhiri hufunga muhula kwa zoezi la kubadilishana. Kila kikundi hupokea programu ya kikundi kingine, na kutakiwa kuongeza jambo moja dogo bila kuvunja yaliyopo. Waandishi wa awali hawaruhusiwi kutoa maelezo yoyote kwa mdomo.