Meli Zilizopita Londiani kwa Vipande

Kipsonoi, Itare na mito mingine inayopita kwenye chai ya Bomet na Kericho huishia Mto Sondu, nao Sondu humimina maji yake Ziwa Victoria. Ni mito ya miamba na maporomoko, haina njia ya chombo. Vyombo vilipopita nchi ya Wakipsigis vilipita nchi kavu, tena vimefunguliwa vipandevipande.

Kule ziwani ufundi ulikuwa umekomaa zamani. Mtumbwi wa visiwa vya Ssese, ambao Kabaka wa Buganda aliutegemea vitani, haukuwa gogo la kuchimbwa tu. Mkuku wake ulichongwa kwa gogo moja refu, omo ikachomoza mbele na mara nyingi kupambwa pembe za mnyama, kisha mbao za ubavuni zikashonwa kwa nyuzi za mimea. Msumari haukuwamo. Fundi wa Lamu asingeshangaa: mtepe wa kwao ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Malesia na Indonesia, ushonaji wa mbao ulijulikana vilevile.

Watu wa pwani nao wakaleta jahazi, lenye mataruma ndani, mbao za kupigiliwa misumari na kuzibwa kwa kalafati, na tanga la pembetatu juu ya foromali. Msafiri Stanley alipofika kusini mwa ziwa mwaka 1875 alimkuta Songoro, mfanyabiashara wa pwani, akiunda lake. Desemba 1877 Songoro aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill. Tanga la pembetatu halikufa naye. Hata leo wavuvi wa Ghuba ya Winam hulitweka.

Halafu zikaja meli za chuma. William Mackinnon iliundwa Paisley, Uskoti, mwaka 1890, ikafunguliwa na kupelekwa Mombasa. Reli ilikuwa bado inajikokota bara, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ikaangukia mabega ya wapagazi. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli yenyewe haijafika. Vitabu husifu wahandisi. Kwa maoni yangu, mpagazi aliyepandisha bamba la chuma hadi nyanda za juu ana haki ya kuitwa fundi wa meli.

Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kuvuka kilele cha Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Meli zilizofuata, Winifred ya mwaka 1902 na Sybil ya 1903, nazo kutoka Paisley, zilipita Londiani, Lumbwa (ndiyo Kipkelion ya sasa) na Fort Ternan zikiwa mzigo wa mabehewa, zikaungwa upya kwa ribiti Kisumu.

Na mbao za huku nyanda za juu? Fundi wa ziwani alipenda mvule, mti wa nchi ya chini yenye joto. Miti ya Mau ilikuwa na kazi nyingine: injini za treni miaka ile zilikula kuni, na misitu iliyopakana na njia ikakatwa kuzilisha. Hata miti iliyopandwa baadaye ilikuwa ya kuni: kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza mashamba makubwa ya chai Kericho miaka ya 1920, zilipanda mikaratusi kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Viwanda vingi vinaichoma hadi sasa.