Herufi Nne Zilizotuzidi Umri: Stori ya xset

Kuna amri ya herufi nne ndani ya kompyuta nyingi za Linux ambayo imetuzidi umri, mimi na wengi wenu mnaosoma hapa. Inaitwa xset. Kama una Linux inayotumia mfumo wa X, fungua teminali, andika hivi kisha ubonyeze Enter:

xset q

Itakujibu kwa maandishi matupu. Kibodi yako inasubiri muda gani kabla ya kurudia herufi uliyoishikilia. Kengele inalia kwa sauti ya asilimia ngapi. Mausi inaongeza kasi mara ngapi. Skrini inazima baada ya sekunde ngapi. Hakuna picha, hakuna menyu, hakuna rangi.

Wasee wengi wakiona hiyo orodha wanafunga dirisha, wanasema hizo ni vitu za wazee. Ni kweli ni vitu za wazee. Lakini kila mstari hapo una historia yake, na historia yenyewe inajibu swali ambalo linatuhusu sana saa hii: mashine iliyo mbele yako, nani ana haki ya kuamua ikae vipi?

Twende Marekani, mwaka wa 1983. Chuo cha MIT, pamoja na kampuni za DEC na IBM, kilianzisha mradi ulioitwa Project Athena. Lengo lilikuwa wanafunzi wa kawaida wapate kompyuta kwa masomo yao, si wale wa sayansi ya kompyuta peke yao. Shida ikaja mapema. Mashine za DEC na za IBM hazikufanana, na kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuchora vitu kwenye skrini. Mwanafunzi angejifunza mashine moja, akihamia nyingine anaanza upya.

Mwaka wa 1984, Bob Scheifler, aliyekuwa kwenye maabara ya sayansi ya kompyuta hapo MIT, alichukua mfumo wa madirisha uliotoka chuo cha Stanford. Mfumo huo ulikuwa unaitwa W. Akaubadilisha jinsi unavyowasiliana ili uende haraka zaidi, na kwa sababu herufi inayofuata W ni X, akauita X. Ni hivyo tu, jina halina siri nyingine. Jim Gettys, aliyekuwa Athena, akaingia naye kazini. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na hilo X11 ndilo limebeba skrini za Linux na Unix kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa kuna jambo moja hapa ambalo ukilielewa, mengine yote yanafunguka. Kwenye X, sava ni ile kompyuta iliyo mbele yako. Yenye skrini, kibodi na mausi. Programu ndizo wateja. Programu inaweza kuwa inafanya kazi kwenye mashine kubwa jengo lingine kabisa, lakini inaomba sava yako: tafadhali nichoree dirisha, na mwenye mashine akibonyeza kitufe niambie. Tumezoea kufikiria sava ni kitu kikubwa kiko mbali na sisi ni wateja wanyonge. Kwa X ni kinyume. Wewe uliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye duka.

Hapo ndipo xset inaingia. Ukisoma ukurasa wa maelezo ya amri hii, kati ya majina ya walioiandika utakuta Bob Scheifler mwenyewe, na David Krikorian wa Project Athena, aliyeiandika kwa ajili ya X11. Kazi yake ni kuiambia sava mapendeleo ya mtumiaji. Na maelezo hayo yana sentensi ambayo kwangu ndiyo moyo wa stori: mipangilio yote ya kibodi na mausi inarudi ilivyokuwa mwanzo ukitoka kwenye akaunti yako.

Kwa nini irudi? Kwa sababu Athena haikuwa na "kompyuta yangu". Mwanafunzi aliingia ukumbini, akakaa kwa mashine yoyote iliyo wazi, akaandika jina na nywila, na faili zake zikamfuata kupitia mtandao. Wewe umeketi leo hapa, kesho ataketi mwingine. Kama umeongeza kasi ya mausi, yeye asiteseke nayo. Na kama wewe una mstari wako wa xset kwenye faili yako ya kuanzia, basi kila mashine unayoingia inajipanga kama unavyopenda kabla hata hujashika kibodi.

Mtu aliyekulia kwa saiba za Kenya anaijua hiyo hali ya kushea mashine. Tofauti ni kwamba kwa saiba unakaa, unakuta kibodi imepangwa na msee wa kabla yako, unavumilia kwa sababu dakika zinahesabika. Athena walijibu shida hiyo hiyo kwa njia nyingine: mapendeleo yafuate mtu, yasibaki kwa mashine.

Sasa hebu tuangalie ile orodha kipande kwa kipande, maana kila kipande kilitoka mahali.

Kengele kwanza. Xset inaweza kubadilisha ukubwa wa sauti yake, ukali wake na muda wake. Kwani kompyuta ina kengele ya nini? Kabla ya skrini kulikuwa na mashine za kupokea ujumbe zinazochapa kwa karatasi, na zilikuwa na kengele halisi ya chuma ya kumwita mhudumu. Ujumbe wa haraka ulikuja na alama maalum ya kuigonga. Mwaka wa 1963, viwango vya ASCII vilipotoka, kengele ilipewa namba yake: 7. Chuma kikaisha, namba ikabaki. Mpaka leo ukikosea kitu kwenye teminali na ukasikia mlio, ni mjukuu wa ile kengele. Kuinyamazisha:

xset b off

Mlio wa vitufe nao una historia ya karibu hivyo. Watu walitoka kwa taipureta, ambapo kila herufi ilipiga kelele. Kibodi za umeme zikawa kimya, na watu wakakosa uhakika kama kitufe kimeingia. Teminali ya VT100 ya DEC, ya mwaka wa 1978, ilikuwa na spika ndogo ya kuigiza huo mlio. X ikaweka nafasi yake: xset c. Na simu yako ikitoa "tik tik" unapochati, jua hiyo ni hofu ya miaka hiyo bado inatulizwa.

Kuzima kwa skrini kulikuja kwa sababu ya kioo. Skrini za zamani zilichora picha kwa kupiga miale kwenye unga unaong'aa ndani ya kioo. Picha ikikaa hapo hapo kwa muda mrefu, unga unachoka na alama inabaki milele. Kwa hivyo sava ikafundishwa kufunika skrini ikikuta hakuna mtu anayegusa kitu, na muda wa kuanzia uliozoeleka ni sekunde 600. Dakika kumi. Baadaye shida ikawa stima. Mwaka wa 1993, chama cha VESA kilitoa kiwango cha DPMS cha kuiambia skrini yenyewe ilale ama izime kabisa. Xset ikaongezewa maneno hayo pia. Hii moja ni tamu mpaka leo:

xset dpms force off

Skrini inazima papo hapo, lakini mashine inaendelea na kazi. Muziki unacheza, faili inashuka, betri inapumua. Gusa mausi, skrini inarudi. Kama unaishi na tokeni za stima na laptopu yenye betri ya kuomba Mungu, unaelewa thamani ya hiyo.

Halafu kibodi. Huu mstari unasema subiri milisekunde 300, kisha rudia herufi mara 40 kwa sekunde:

xset r rate 300 40

Kwa mtu anayeandika kodi, hiyo ni raha tu. Lakini fikiria mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Akigusa "a" anapata "aaaaa". Kwake, kuongeza ule muda wa kusubiri, ama kuzima kurudia kabisa kwa xset r off, ndiyo tofauti kati ya kuandika barua mwenyewe na kumwomba mtu amwandikie. Hapo ndipo naacha kuita hivi vitu "mapendeleo". Kwa wengine ni mlango.

Tuwe wakweli pia: xset haikuwahi kufanya kila kitu. Sauti yake iliishia kwa kengele. Muziki na video zilikuja na mifumo mingine, ndiyo maana sauti inapangwa kwa amri kama amixer ama pactl. Ukubwa wa picha na skrini ya pili ni kazi ya xrandr. Mpangilio wa herufi ni setxkbmap, na hii wanunuzi wa laptopu za mtumba wanapaswa kuijua. Ukipata mashine iliyotoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Usilipe mtu akuwekee kibodi mpya. Andika:

setxkbmap us

Zitakuja kama ulivyozoea, hata kama maandishi ya juu ya vitufe yanasema lingine.

Sasa maoni yangu. Nguvu ya hizi amri iko kwa kitu rahisi sana: ni maandishi. Maandishi unaweza kuyatuma kwa WhatsApp kwa bando kidogo. Unaweza kuyaandika nyuma ya daftari. Msee wa Kisumu anaweza kumsaidia msee wa Voi kwa mstari mmoja, bila video ya dakika kumi na mbili inayoanza na "karibuni kwa chaneli yangu". Nasema hivyo na mimi ndiye hutengeneza hizo video. Maelezo ya menyu huoza. Leo kitufe kiko kushoto, sasisho likija kimehamia ndani ya ukurasa wa tatu kwa jina lingine. Mstari wa xset ulioandikwa enzi za Athena bado unaeleweka na sava ya X ya leo.

Lakini X11 inaondoka, na sababu zake si za uongo. Ile imani ya Athena ilikuwa kubwa mno. Kwenye X, programu ikishaunganishwa na sava yako, inaweza kusikiliza kila kitufe unachobonyeza, hata kwenye dirisha la programu nyingine. Nywila ya benki ikiwemo. Na kwa sababu xset inaweza kuelekezwa kwa skrini ya mashine nyingine, sava iliyoachwa wazi ilimaanisha mtu wa chumba kingine angeweza kuzima skrini yako ama kuliza kengele yako atakavyo. Kwa chuo ambacho watu wanajuana, huo ni mchezo. Kwa intaneti ya leo, ni hatari.

Mwaka wa 2008 Kristian Høgsberg akaanzisha Wayland, mfumo unaozuia programu kuchunguliana. Ukaenea polepole. Fedora ikaufanya wa kuanzia mwaka wa 2016, na Ubuntu 25.10 ikaondoa kabisa njia ya kuingia GNOME kupitia X11. Usalama umeongezeka, na mimi nashukuru. Bei yake ni hii: lile duka moja lenye mlango mmoja halipo tena. Ule mstari wa kibodi hauendi popote. Kwa GNOME unaandika hivi:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard delay 300
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard repeat-interval 25

Kwa mfumo kama Sway unaandika ndani ya faili yake. Kila mwenye dirisha ana lugha yake, karibu kama DEC na IBM kabla ya X. Tumezunguka tukarudi pale pale.

Angalau kwa Linux bado kuna lugha ya kuandika. Simu ya Android iliyo mkononi mwako ina kernel ya Linux ndani, lakini hukukabidhiwa xset wala ndugu yake. Umepewa menyu, na menyu ni orodha ya vitu ambavyo mtu mwingine ameamua unaruhusiwa kugusa. Ambacho hakimo, kwako hakipo. Kizazi chetu kimekulia hapo, ndiyo maana wengi tukikuta kitu kinatusumbua tunasema "simu yangu iko hivyo" kana kwamba ni hali ya hewa.

Siwaambii mrudi X11. Ninachoomba ni kidogo: kama una laptopu ya Linux, tafuta leo amri moja ya kubadilisha kitu kimoja kinachokukera. Kasi ya kibodi, sauti, muda wa skrini. Iandike kwenye faili yako, ijaribu, halafu mtumie mtu mmoja. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo silabasi sina ya kuwapa. Lakini hao watu wa MIT waliacha wazo ambalo halihitaji cheti: aliyekaa kwenye kiti ndiye anayeiambia mashine ikae vipi. Kama mfumo unaotumia haukupi njia ya kuiambia, uliza ni nani anaiambia kwa niaba yako.