Mwiko wa Mwashi

Neno «mwiko» tunalijua tangu utoto: ni kile kijiko kikubwa cha mti ambacho mama hukorogea ugali. Mwashi naye ana mwiko wake wa chuma. Mtu aweza kudhani kwamba sisi Waswahili tuliazima jina la jikoni kwa kukosa jina jingine. Lakini Waroma wa kale walifanya vivyo hivyo. Chombo cha mwashi walikiita «trulla», na neno hilo kwanza lilikuwa jina la upawa mdogo wa kuchotea. Kutoka hapo Wafransa walipata «truelle», na Wabeleji wakalileta huku Kongo. Basi Roma na kwetu, pasipo kuulizana, watu waliitazama kazi ya mwashi wakaona yafanana na ya mpishi: huchota, hukoroga, hupakua.

Kazi yenyewe ni ya kale kuliko Roma. Katika nchi ya Misri, kaburi la Rekhmire, waziri wa mfalme, lilipambwa yapata mwaka 1450 kabla ya Kristu, na picha zake zaonyesha watu wakikanda udongo, wakifyatua matofali na kujenga. Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristu, aliita lipu ya kwanza ya ukuta kwa jina lililotoka katika hiyo «trulla».

Tena mwiko umeingia katika Biblia, na hapo pana jambo la kufikiri. Katika sura ya 7 ya Nabii Amosi, Bwana amesimama ukutani na chombo mkononi. Chombo gani? Neno la Kiebrania halionekani penginepo katika Biblia nzima. Biblia nyingi za siku hizi zasema ni timazi. Wataalamu wengine wasema ni bati. Mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri kwa Kilatini, aliandika mwiko wa mwashi. Tofauti si ndogo. Timazi huonyesha kwamba ukuta umepinda. Lakini kwa Yeronimo, Mungu anauweka mwiko chini, asema hatawapaka tena watu wake. Kila mwashi aelewa hukumu hiyo: ukuta wa udongo usiopakwa tena hubomolewa na mvua. Timazi labda ni karibu zaidi na maana ya nabii. Hata hivyo twaona kwamba Yeronimo alijua waashi wanavyofanya kazi.

Hata Baba Mtakatifu aliushika mwiko. Mwisho wa mwaka wa Jubilei alitandaza chokaa penye Mlango Mtakatifu, akaweka matofali matatu, na waashi wakamaliza ukuta. Pio wa Kumi na Mbili alifanya hivyo mwaka 1950. Mwaka 1975 Paulo wa Sita aliiacha desturi hiyo, akafunga tu milango ya shaba.

Sasa tuje sokoni, maana huko ndiko fundi kijana hupoteza fedha yake. Mwiko mzuri umefuliwa kwa kipande kimoja cha chuma cha pua, tangu ncha ya bapa mpaka msumari unaoingia katika mpini. Mwiko wa bei ndogo umeungwa kwa kuchomelewa, na mara nyingi huvunjika palepale penye shingo. Ugonge kwa kucha: ulio mzima hulia kama kengele, wenye ufa hulia kama mkebe. Ukandamize ncha yake juu ya meza: upinde kidogo, kisha urudi ulivyokuwa. Mwisho uushike kama unafanya kazi, kwani mwiko unaolemea mbele utachosha mkono kabla ya saa sita. Bapa la sentimeta 25 au zaidi lafaa kwa fundi aliyezoea. Mwanafunzi aanze na dogo. Kuna pia mwiko mwembamba wa kujazia viungo, na ule wa mviringo ambao Wafransa huuita ulimi wa paka. Huko Paris wapakaji wa jasi walipenda mwiko wa shaba, kwa sababu jasi hutia chuma kutu.

Katika kuutumia, nguvu haitoki begani. Fundi huchota, hutikisa kifundo cha mkono mara moja ili mchanganyiko ushike, kisha huumwaga kwa mstari mmoja. Kwa ncha huchora mfereji katikati, huweka tofali lililoloweshwa, hulisukuma mahali pake, na kwa ukingo hukata kilichozidi, akipake kichwani pa tofali linalofuata. Tofali kavu hunywa maji ya chokaa, na kiungo hubaki vumbi.

Mafundi wetu wana sifa katika habari hiyo. Misheni ya Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Baudouinville, ambayo leo ni Moba, waliianzisha mwaka 1893. Majina ya mapadri yameandikwa vitabuni. Ya waliochoma matofali na kushika mwiko ni machache mno.

Na kazi yao yaweza kuharibiwa na wema wetu. Parokia nyingine, zikiona viungo vya kanisa la zamani vimelika, huita fundi ajaze simenti ngumu. Ukuta wapendeza miaka michache. Kisha maji yaliyomo hayapati njia ya kutokea kiungoni, hutokea katika tofali laini, na uso wake hubanduka. Ukuta uliojengwa kwa chokaa ujazwe chokaa. Fundi akwangue kiungo mpaka kina kiwe mara mbili ya upana wake, asiumize ukingo wa tofali, afagie vumbi, aloweshe kwa maji, ndipo atwae ule mwiko mwembamba na kushindilia kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka.