Ganzi ya Vidole Usiku: Ultrasaundi na Neva Iliyobanwa Kifundoni

Katika kuzitembelea jumuiya ndogo ndogo za Kawe tumesikia mara nyingi lalamiko lile lile. Mama anaamka saa nane za usiku, vidole vimekufa ganzi, anaukung'uta mkono mpaka hali irejee, kisha anajaribu kulala tena. Wengine huamini kuwa kiharusi kinawanyemelea. Wengine huambiwa kuwa wamerogwa na jirani, na ujirani wa miaka mingi ukavunjika kwa jambo ambalo lina maelezo yake katika mwili.

Mbele ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba mfano wa handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo. Paa lake ni utepe mgumu usiovutika kwa urahisi. Ndani yake hupita kano 9 za kukunjia vidole, pamoja na neva moja iitwayo neva ya kati. Kano zikivimba, au maji yakizidi mwilini kama inavyowatokea wajawazito, nafasi hupungua na neva hubanwa, maana ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo. Neva hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva nyingine isiyopita humo. Kwa hiyo mwenye ganzi katika kidole hicho pekee atafutiwe sababu nyingine, ukiwemo ukoma, ambao nchini mwetu haujaisha.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kisukari, baridi yabisi na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo huchangia; hata kifundo kilichowahi kuvunjika, kama alivyoeleza James Paget wa Uingereza mwaka 1854. Kazi nayo ina sehemu yake. Wazee wa Kawe wanakikumbuka kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, na kukata nyama kwa kisu kutwa nzima ni miongoni mwa kazi zinazojulikana duniani kwa kuleta ugonjwa huu. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini wasusi, washona nguo na wapondaji kokoto wa Kunduchi wangali wanatumia vifundo vyao kutwa.

Mtaani ultrasaundi hujulikana kama kipimo cha wajawazito, nasi hatushangai: Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha picha zao mwaka 1958, walikuwa katika fani hiyo ya akina mama. Mashine hutuma sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha huuchora mwangwi unaorudi. Haitumii mionzi wala haiumizi. Mwaka 1991 Buchberger na wenzake wa Innsbruck, Austria, walieleza alama za ugonjwa huu katika picha hizo: neva huvimba inapoingia handakini, huwa bapa ndani yake, na paa hubinuka kuelekea kiganjani. Siku hizi alama ya kwanza ndiyo hutegemewa zaidi. Hupimwa eneo la mkato wa neva mlangoni mwa handaki, na wengi huchukua milimita za mraba 10 kuwa mpaka, ingawa wapo wanaotumia 9 na wengine hadi 12. Wengine huilinganisha na neva hiyo hiyo juu zaidi mkononi, njia tunayoiona ya busara, kwa kuwa maumbile ya watu hayafanani.

Picha huonyesha pia kinachobana, kama vile uvimbe wa maji au kano zilizovimba. Kipimo cha umeme wa neva hakionyeshi hilo. Chenyewe hupima jinsi neva inavyofanya kazi. Wala picha isiyo na kasoro haimaanishi kuwa mgonjwa anajisingizia; maelezo yake na mkono wenyewe hutangulia.

Hapa tuonye jambo moja. Kichwa cha mashine kilichopinda, kinachotumika tumboni, huona mbali lakini hakichambui vyema vitu vidogo vilivyo karibu na ngozi. Kifundo huhitaji kichwa kilichonyooka chenye masafa ya juu, megahezi 12 au zaidi, na mpimaji aliyejifunza neva. Uliza kabla ya kulipa.

Tiba huanza na kifaa cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala. Ikibidi, sindano ya steroidi, au upasuaji wa kulikata paa. Kwa wajawazito hali hupungua mara nyingi baada ya kujifungua. Lakini nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, au vikombe vikimponyoka mtu mkononi, asikae na dawa za maumivu. Aombe rufaa kwa mabingwa wa mifupa na neva, kama wale wa taasisi ya MOI pale Muhimbili. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja, yenye mdomo kwenda kombo au ulimi kuwa mzito, haingoji kipimo cha kifundo: huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.