Chipu ya Dola 25 na Ubao wa Sataranji

Mwezi wa Septemba 1975, katika maonyesho ya vyombo vya elektroniki yaliyofanyika San Francisco, kampuni ya MOS Technology, ambayo haikuwa na idhini ya kuuza kitu ndani ya ukumbi, ilikodi chumba katika hoteli, ikaweka hapo mtungi wa kioo uliojaa chipu, na kila aliyefika kuuliza akauziwa prosesa iitwayo 6502 kwa dola 25, ilhali Intel ilikuwa imeitangaza 8080 yake kwa dola 360. Hikaya hiyo aghalabu husimuliwa kuwa ni habari ya biashara. Mimi naihesabu kuwa mwanzo wa jambo jingine, maana hapo ndipo mtu wa kawaida, asiye na chuo wala serikali nyuma yake, alipopata kwanza nafasi ya kujiuliza ni prosesa ipi imfaayo kwa kuifundisha mashine sataranji.

Kabla ya hapo suala lenyewe halikuwapo. Alan Turing, aliyezitunga kanuni za kuiwezesha mashine kuucheza mchezo huo bila kupata mashine ya kuzibeba, alilazimika mwaka 1952 kuzifuata yeye mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Na MANIAC ya Los Alamos, mashine ya serikali yenye ukubwa wa chumba, ilicheza mwaka 1956 juu ya ubao wa miraba 36, maaskofu wakiwa wameondolewa, kwa sababu ubao kamili uliishinda. Aliyetaka kuandika programu ya sataranji katika zama hizo hakuchagua mashine. Alipewa saa za usiku katika mashine ya wenyewe, akashukuru.

Bei ndiyo iliyobadili mambo. Peter Jennings wa Toronto, mwaka 1976, aliichukua KIM-1, bamba lililoibeba 6502 na kuuzwa kwa dola 245, lisilo na skrini wala kibodi isipokuwa vibonye vichache na taa za tarakimu sita, lenye kumbukumbu ya baiti 1152 tu, na ndani ya ufinyu huo akaiingiza programu aliyoiita MicroChess, ambayo aliiuza kwa dola 10. Prosesa hiyo ilikuwa na rejista tatu tu za kufanyia kazi, jambo ambalo mtu aliyezoea mashine kubwa angaliliona kuwa ni ufukara, lakini baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu zilifikiwa kwa wepesi kupita nyingine zote. Basi Jennings akauweka ubao na kete zake papo hapo, na ufukara ule ukageuka kuwa nidhamu. Faida ya programu hiyo baadaye ilisaidia kuipeleka sokoni VisiCalc, jedwali la hesabu lililowafanya wafanyabiashara wa Marekani wazinunue kompyuta ndogo, na sidhani kuna mchezo mwingine uliolipa deni lake kwa dunia upesi namna hiyo.

Mshindani wa 6502 alikuwa Z80, iliyotolewa na Zilog mwaka huo wa 1976, kazi ya Federico Faggin, ambaye kabla ya kujitenga alishiriki kuiunda 8080 ya Intel, na ndiyo maana Z80 iliweza kuziendesha programu za 8080 bila kuandikwa upya. Ilikuwa na rejista nyingi, tena seti mbili, na wafuasi wa kambi hizo mbili walibishana kwa ukali ambao hata leo haujapoa. Dan na Kathleen Spracklen, mume na mke, waliiandika Sargon kwa Z80, wakashinda mashindano ya San Jose mwaka 1978, kisha wakaichapisha programu nzima katika kitabu ili yeyote mwenye subira ainakili. Lakini mashine za sataranji walizoziunda kwa kampuni ya Fidelity zilitumia 6502, na kwa chipu hiyo wakalitwaa taji la kwanza la dunia la kompyuta ndogo, London, mwaka 1980. Ushindi wao kwa chipu zote mbili zilizohasimiana ni hoja ambayo washabiki wa pande zote mbili huipita kimya.

Mwingereza David Horne naye alionyesha kuwa hata kilobaiti moja ya kumbukumbu ya kompyuta ndogo ya ZX81 ilikuwa anasa: programu yake ya sataranji ilichukua baiti 672, ijapokuwa ndani yake mfalme hakuweza kujihifadhi kwa ngome.

Baada ya hapo ilifuata miaka ya Motorola 68000, prosesa yenye rejista 16 za biti 32, ambamo mwandishi wa programu aliyetoka kwenye 6502 alijiona kama mtu aliyehama chumba kimoja na kuingia jumba. Richard Lang, aliyekuwa bingwa wa Z80 kwa programu yake Cyrus, aliijifunza familia hiyo mpya katika Sinclair QL, na kuanzia 1985 hadi 1990 mashine za Mephisto alizoziandikia zilitwaa mataji mfululizo, zikipewa majina ya miji ya ushindi: Amsterdam, Dallas, Roma, Almeria, Portorose, Lyon. Fedha za mnunuzi hazikuwa tena hoja ya kwanza, kwani mashine hizo zilikuwa ghali. Hoja ilikuwa ni mtu aliyeijua chipu yake hadi amri ya mwisho.

Aliyemvua Lang taji hilo alitoka, kwa namna ya ajabu, katika nasaba ileile ya chipu ya dola 25. Kampuni ya Acorn ya Cambridge ilikuwa imejenga kompyuta zake juu ya 6502, na ilipotafuta mrithi wake, Sophie Wilson na Steve Furber walikwenda Phoenix kuwatazama waliokuwa wakiiendeleza 6502, wakakuta ofisi ndogo yenye watu wachache, wakarudi na yakini kwamba ikiwa hao wanaweza kubuni prosesa, nao wanaweza. Mwaka 1985 ikazaliwa ARM, yenye amri chache, nyepesi, na haraka. Mholanzi Ed Schröder, ambaye naye alikuwa mwandishi hodari wa 6502, aliiandikia ARM2 programu yake Gideon, ikakaa katika kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya kawaida, ikashinda Vancouver mwaka 1991 miongoni mwa kompyuta ndogo, na mwaka uliofuata, huko Madrid, ikawa bingwa wa dunia mbele ya mashine za kila ukubwa, jambo ambalo kompyuta ndogo haikupata kulifanya kabla yake. IBM, kwa upande wao, walichagua njia ya matajiri: Deep Blue iliyomshinda Garry Kasparov mwaka 1997 ilikuwa na chipu 480 zilizoundwa makusudi kwa sataranji, na hapakuwa na mpenzi wa nyumbani awezaye kuwaiga.

Kwa mpenzi huyo wa nyumbani ilikuwako ndoto nyingine. Ubao una miraba 64. Lau neno la prosesa, yaani fungu la biti inalolishughulikia kwa mara moja, lingekuwa na biti 64, kila mraba ungepata biti yake, na swali kama vile farasi wote wako wapi lingejibiwa kwa namba moja. Warusi walioiandika Kaissa, bingwa wa dunia mwaka 1974, walikuwa wameitumia mbinu hiyo, na Wamarekani wa Chess 4.x kadhalika, ingawa hao wa pili walikuwa na mashine za CDC zenye neno la biti 60, pungufu ya miraba minne! Robert Hyatt aliijenga Crafty kwa mbinu hiyohiyo katika miaka ya 1990, akistahimili hasara ya kulipasua kila neno vipande viwili katika prosesa za biti 32, kwa kuwa aliamini wakati ungefika. Ulifika mwaka 2003, AMD ilipoleta Opteron, kisha Athlon 64 kwa watu wa nyumbani, na kwa mara ya kwanza adadi ya miraba ikawa ndiyo inayochagua prosesa.

Hata hivyo mabishano hayakwisha, yamejificha tu katika amri mojamoja. Mwaka 2013 Intel, katika prosesa za Haswell, ilileta amri iitwayo PEXT, ambayo huchuja biti zinazotakiwa kwa mkupuo mmoja na kurahisisha hesabu ya njia za ngome na maaskofu. AMD nayo iliiweka katika Zen ya mwaka 2017, lakini ikiitekeleza kwa hatua ndogondogo za ndani, taratibu mno, hata ikarekebishwa katika Zen 3 mwaka 2020. Stockfish, programu iliyochipuka mwaka 2008 kutoka Glaurung ya Mnorwe Tord Romstad, hutolewa kwa sababu hiyo katika faili kadhaa, kila moja kwa ukoo wake wa prosesa, na mwenye Zen ya zamani huambiwa achukue ile isiyoitegemea PEXT.